Kinu cha kugeuza gesi asilia kuwa methanoli: kwa nini mamia ya mabomba badala ya chombo kimoja?

Mkoko_Kilwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nipo mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi wa kemikali, na mradi niliopewa ni kusanifu hatua za mwanzo za kiwanda kitakachotumia gesi ya Songo Songo kutengeneza tani 500 za methanoli kwa siku. Gesi hiyo ni methani karibu tupu na ina salfa kidogo mno, kwa hiyo sehemu ya usafishaji hainitishi sana. Kinachonisumbua ni kinu cha kwanza, yaani kile ambamo methani na mvuke wa maji hukutana juu ya kichocheo cha nikeli na kutoa mchanganyiko wa hidrojeni na kaboni monoksidi, ambao hapa nitauita gesi sanisi.

Nikikokotoa kwa kutumia kasi ya mmenyuko peke yake, napata kwamba mita chache tu za ujazo za kichocheo zingetosha, na zote zingeenea katika chombo kimoja cha kawaida. Hata hivyo kila mchoro wa kiwanda halisi ninaouona una mamia ya mabomba membamba yaliyosimamishwa ndani ya tanuri, na kichocheo kinachojazwa humo ni kingi mara kadhaa kuliko hesabu yangu inavyotaka. Je, ni mazoea ya viwanda vya zamani, au kuna sababu ambayo hesabu ya kasi haiioni? Jambo la pili ni shinikizo. Mmenyuko huu huzalisha molekuli nne kutoka mbili, kwa hiyo kanuni ya Le Chatelier, kwamba mmenyuko huelemea upande unaopunguza badiliko lililoletwa, inatuelekeza kwenye shinikizo dogo. Mbona basi viwanda huuendesha kwa bar 20 hadi 40? Natanguliza shukrani kwa atakayenifafanulia kwa namba, maana msimamizi wangu haridhiki na maneno matupu.

FundiTanuri alijibu:

Mdogo wangu, kinu hiki hakisanifiwi kwa kasi ya mmenyuko bali kwa joto linaloweza kupita kwenye ukuta wake, na namba zako zenyewe zitakuonyesha hivyo.

Tani 500 za methanoli kwa siku ni takriban kilomoli 650 kwa saa. Ukizingatia kwamba si methani yote humenyuka na kwamba kiasi fulani cha gesi hupotea mbele ya safari, chukua kwamba utaingiza kilomoli 800 za methani kwa saa pamoja na mvuke mara tatu ya hizo. Mmenyuko wa methani na mvuke hufyonza kilojuli 206 kwa kila moli. Asilimia 85 ya methani ikimenyuka, hiyo peke yake ni karibu megawati 39. Toa megawati mbili hivi zinazorudishwa na mmenyuko wa pembeni wa kaboni monoksidi na mvuke, ambao hutoa kilojuli 41 kwa moli, kisha ongeza megawati 14 za kuupandisha mchanganyiko wote kutoka nyuzi 500 hadi 850 za Selsiasi. Unafika kwenye megawati 50 zinazopaswa kuingia ndani ya kinu kupitia chuma, usiku na mchana.

Sasa uliza ni joto kiasi gani linaweza kuvuka mita moja ya mraba ya ukuta huo bila kuuharibu. Kwa matanuri ya kawaida, wastani wa kilowati 70 ni makadirio ya heshima. Megawati 50 ukizigawa kwa kilowati 70 unapata zaidi ya mita 700 za mraba. Bomba moja lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 na urefu wa mita 12 lina eneo la takriban mita 3.8 za mraba, kwa hiyo unahitaji mabomba yanayokaribia 190 hadi 200, na yakijazwa kichocheo yatabeba mita za ujazo 18 hivi. Kichukue kichocheo hichohicho ukiweke kwenye chombo kimoja chenye kipenyo cha mita mbili na kimo kinachopungua kidogo mita sita: ukuta wake wote ni mita 36 za mraba. Kila mita italazimika kupitisha joto mara 20 ya lile ambalo chuma kinaweza kustahimili. Kichocheo unachokiona kuwa cha ziada kimo humo kwa sababu mabomba yapo, nayo mabomba yapo kwa sababu ya eneo la ukuta.

Hata kama ungepata chuma cha ajabu cha kupitisha joto hilo, lisingefika katikati ya chombo. Waliowahi kupika ubwabwa wa shughuli kwenye sufuria kubwa wanajua kwamba wa chini huungua wakati wa katikati ungali na kiini, ndiyo maana hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Ndani ya kinu huna pa kupalia. Katikati ya chombo kipana mmenyuko ungejifyonzea joto lake wenyewe, halijoto ingeshuka, na methani ingepita bila kuguswa.

Chuma chenyewe ni habari ndefu. Mabomba haya ni ya aloi ya chuma, kromiamu na nikeli yenye chembe za niobiamu, na hutengenezwa kwa kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu inayozunguka. Ukuta wa nje hufikia nyuzi 900 na ushee huku ndani kukiwa na shinikizo la bar 30, na katika hali hiyo metali hutanuka taratibu mwaka hadi mwaka mpaka ipasuke. Umri unaokusudiwa ni saa 100,000, na wahandisi wa matanuri tuna kanuni ya mkono kwamba kuzidisha nyuzi 20 juu ya kikomo cha usanifu hupunguza umri huo kwa nusu. Kwa sababu hiyo, nafasi ya vichomeo na usawa wa ujazaji wa kila bomba vinastahili kurasa nyingi zaidi za ripoti yako kuliko mlinganyo wa kasi. Bomba lililojazwa vibaya hupitisha gesi kidogo kuliko wenzake, halipozwi na mmenyuko, nalo huanza kung'aa wekundu kabla ya mengine. Ndiyo maana mafundi hupima upungufu wa shinikizo kwenye kila bomba, moja baada ya jingine, kabla ya kufunga vifuniko.

Kuhusu shinikizo, umesoma kanuni sawasawa, ila aliyeshinda hapa ni mhasibu. Gesi hukufikia kwa bomba ikiwa tayari imeshindiliwa, na maji husukumwa kwa pampu yakiwa bado maji, kazi ambayo ni ndogo. Ukiendesha kinu kwa bar 2, utalazimika baadaye kushindilia molekuli nyingi zaidi ili ufikie bar 50 hadi 100 ambazo kinu cha methanoli kinazihitaji. Kwa hiyo tunakubali hasara ya msawazo, yaani mmenyuko kukoma mapema kabla methani haijaisha, na tunaifidia kwa kuongeza halijoto na mvuke.

Mkemia_wa_Mazimbu alijibu:

Namuunga mkono FundiTanuri, ila naomba kuongeza upande wa kichocheo, kwa sababu mtu anaweza kusoma maelezo yake akadhani kwamba kichocheo chochote kitafaa almuradi mabomba yatoshe.

Kwa halijoto hizo mmenyuko ni wa kasi kiasi kwamba methani haiwahi kupenya hadi kiini cha punje ya kichocheo. Sehemu inayofanya kazi kwa hakika ni ngozi nyembamba ya juu, na kwa kawaida ufanisi wa punje nzima hauzidi asilimia 10, mara nyingi ukiwa chini ya hapo. Hii ndiyo sababu punje za kisasa si vidonge vya duara vilivyo vizito. Zina matundu manne hadi saba na mbavu za pembeni, ili ngozi hiyo iwe kubwa huku gesi ikipata njia ya kupita bila kupoteza shinikizo jingi. Umbo hilo pia huivuruga gesi karibu na ukuta, na hivyo joto huingia kwa wepesi zaidi. Kwa maneno mengine, hata umbo la punje huchaguliwa kwa ajili ya joto, na katika hili FundiTanuri ana haki kuliko alivyodai.

Adui mkubwa ni masizi ya kaboni. Methani inaweza kujivunja yenyewe ikawa kaboni na hidrojeni, na juu ya nikeli kaboni hiyo huota kama nyuzinyuzi ambazo huinua chembe ya metali kutoka kwenye msingi wake na hatimaye kuisaga punje ikawa vumbi. Mvuke wa ziada ndio unaoizuia. Uwiano wa mvuke kwa kaboni wa 2.5 hadi 3.5 umetokana na hofu hiyo kuliko na hitaji la mmenyuko wenyewe, ambao ungeridhika na molekuli moja ya mvuke kwa kila moja ya methani. Hatari iko hasa katika theluthi ya juu ya bomba, ambako methani bado ni nyingi, hidrojeni ni chache, na moto wa tanuri ni mkali. Hapo watengenezaji huweka kichocheo chenye potasiamu, ambayo husaidia kaboni kuondolewa na mvuke.

Salfa nayo usiidharau kwa kuwa gesi ya Songo Songo inayo kidogo. Nikeli hushika salfa kwa nguvu sana, na katika sehemu ya juu ya bomba, ambako halijoto ya gesi bado ni ya chini, hata sehemu moja katika milioni inatosha kuulaza uso wa kichocheo. Bomba lililolala halifyonzi joto, na lisilofyonza joto huungua. Weka kitanda cha zinki oksidi cha nyuzi 350 hadi 400 kabla ya kinu, na kabla ya kitanda hicho kichocheo cha kobalti na molibdenamu pamoja na hidrojeni kidogo, hata kama uchambuzi wa leo unasema hakuna haja. Kisima hubadilika, na dawa inayowekwa makusudi ili gesi inuke ikivuja ni ya jamii ya salfa.

OksijeniKwanza alijibu:

Wakuu wangu wameeleza vyema tanuri la mabomba, lakini wamemwacha mwanafunzi akiamini kwamba chombo kimoja hakiwezekani. Kinawezekana, na viwanda vikubwa vya leo vinakielekea. Siri ni kuacha kulivusha joto ukutani na badala yake kulizalisha ndani.

Ingiza oksijeni safi, takriban moli 0.55 hadi 0.6 kwa kila moli ya kaboni, kupitia kichomeo kilicho juu ya chombo. Sehemu ya methani huungua hapo hapo, na gesi iliyopata moto huteremka kwenye kitanda cha nikeli ambamo mvuke humalizana na methani iliyobaki, ikatoka kwa takriban nyuzi 1,000. Ukuta wa chombo umepambwa ndani kwa matofali ya kustahimili moto, kwa hiyo chuma kinachobeba shinikizo hubaki na ubaridi wa kutosha. Hakuna mabomba 200, hakuna aloi ya bei mbaya, na unaweza kupandisha shinikizo kuliko tanuri linavyoruhusu.

Faida nyingine iko kwenye muundo wa gesi. Kwa methanoli tunaangalia kipimo kimoja: hidrojeni ukitoa kaboni dioksidi, kisha ugawe kwa jumla ya kaboni monoksidi na kaboni dioksidi. Kinatakiwa kuwa juu kidogo ya 2. Mvuke na methani peke yao hutoa 3, yaani theluthi ya hidrojeni haina kazi. Njia ya oksijeni hutoa pungufu kidogo ya 2. Wengine huziunganisha zote mbili, tanuri dogo likifuatwa na chombo cha oksijeni, na kukilenga kipimo barabara.

FundiTanuri alijibu:

Ndugu OksijeniKwanza, sina ugomvi na kemia yako. Ugomvi wangu ni wa ukubwa. Kwa tani 500 za methanoli kijana huyu atahitaji karibu tani 300 za oksijeni kila siku, maana yake ni kujenga kiwanda cha kutenga hewa kwa baridi kali kando ya kiwanda chake. Gharama ya mtambo huo haishuki kwa uwiano unapoupunguza, ndiyo sababu njia yako hung'ara kwenye maelfu ya tani na kufifia kwenye mamia. Sisi wa viwanda vya amonia tunaponea kwa sababu tunaihitaji nitrojeni: chombo chetu cha pili hupokea hewa ya kawaida, oksijeni yake ikaleta joto na nitrojeni yake ikaingia kwenye zao. Mtu wa methanoli akifanya hivyo atakuwa anazungusha nitrojeni isiyomfaa.

Tena mtambo wa oksijeni una hatari zake. Desemba 1997 kiwanda cha Shell cha Bintulu, Malaysia, kinachogeuza gesi kuwa mafuta, kililipuka katika kitengo cha kutenga hewa, na uchunguzi ulielekeza kwenye chembe za moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua eneo hilo, zilizojikusanya mahali penye oksijeni ya kimiminika. Anayefikiria kuweka mtambo wa aina hiyo Lindi au Mtwara, ambako mashamba huchomwa kila kiangazi, aanze na kichujio cha hewa.

Mkoko_Kilwa aliandika:

Nawashukuru sana kaka zangu. Nimeirudia hesabu ya joto kwa uwiano wa mvuke wa 3 na nimepata mabomba 196, kwa hiyo nitabaki na tanuri. Yamebaki maswali mawili. Hidrojeni ya ziada niifanyeje? Na kinu cha pili, cha methanoli yenyewe, nacho kina mabomba mengi ingawa mmenyuko wake hutoa joto badala ya kulifyonza. Je, sababu ni ileile? Msimamizi ameniuliza pia kwa nini tusiigeuze methani kuwa methanoli moja kwa moja, tukaepuka kuichambua kabisa kisha kuijenga upya.

Bibi_Mitambo alijibu:

Mwanangu, nianze na la msimamizi wako, kwa kuwa jibu lake ni fupi ingawa limewatesa watafiti miaka mingi. Kukata kifungo cha kaboni na hidrojeni katika methani kunahitaji kilojuli 439 kwa moli, wakati kifungo kama hicho katika methanoli kinahitaji takriban 402. Chochote chenye nguvu ya kuishambulia methani kitaishambulia methanoli upesi zaidi, na utaishia na kaboni dioksidi na maji. Njia ya kuunganisha methani mbili kupata ethilini, ambayo Keller na Bhasin waliichapisha mwaka 1982, inagongana na ukuta huohuo: zao la mpito mmoja, yaani gesi ikipita kinuni mara moja, limebaki kukwama chini ya asilimia 30 hivi. Kuichambua methani kabisa kisha kuijenga upya kunaonekana upuuzi, lakini katika njia hiyo kila hatua ina msawazo au kichocheo kinachoizuia kwenda mbali kupita kiasi.

Kinu cha methanoli kina mabomba kwa sababu ileile iliyogeuzwa. Kila moli ya kaboni monoksidi inayogeuka hutoa kilojuli 91, na ya kaboni dioksidi hutoa 49. Kwa uzalishaji wako utakuwa na megawati 9 hadi 16 za kuondoa, kutegemea ni ipi kati ya gesi hizo inayotawala. Zisipoondolewa, mambo mawili hutokea kwa pamoja: msawazo hurudi nyuma, kwa kuwa mmenyuko unaotoa joto hauupendi moto, na kichocheo hufa. Kichocheo hiki ni cha shaba, zinki oksidi na alumina, aina ambayo kampuni ya Uingereza ya ICI iliileta sokoni mwaka 1966 na kuuwezesha mmenyuko kufanyika kwa bar 50 hadi 100, badala ya bar 250 na zaidi zilizohitajika kwa kichocheo cha zinki na kromiamu cha BASF cha mwaka 1923. Bei ya kuwa mwepesi hivyo ni kwamba chembe zake za shaba huungana na kunenepa zikipata joto, kwa hiyo tunaishi kati ya nyuzi 220 na 270 na tunaogopa 300.

Njia ninayoipendelea kwa ukubwa wako ni kichocheo ndani ya mabomba na maji yanayochemka nje yake. Maji yanayochemka hushikilia halijoto moja mradi umeshikilia shinikizo la mvuke, kwa hiyo unakiendesha kinu kizima kwa vali moja tu, na mvuke unaopatikana unausaidia mtambo wa kushindilia gesi. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika pia katika kiwanda cha Pearl, Qatar, kwenye vinu 24 vya kutengeneza mafuta kutokana na gesi sanisi, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 1,200 na mabomba yapatayo 29,000. Wapo wanaotumia vitanda vipana na kupuliza gesi baridi katikati yake. Ni rahisi kujenga, ila sehemu ya gesi hukwepa vitanda vya mwanzo, na mimi sioni sababu ya kuanzia huko. Kumbuka kwamba kwa mpito mmoja ni sehemu tu ya gesi itakayogeuka. Utaipoza, utaitoa methanoli ikiwa kimiminika, na iliyobaki utaizungusha tena. Shaba huchukia klorini kuliko inavyoichukia salfa, na kiwanda kilicho ufukweni kina chumvi hadi kwenye maji ya boila, kwa hiyo weka kitanda cha ulinzi hapo pia.

Hidrojeni ya ziada ina njia tatu, na unayoiona kwenye vitabu vingi, yaani kuichoma tanurini, ni ya uvivu ingawa inafanya kazi. Ya pili ni kuipeleka kwenye amonia, ikiwa jirani kuna atakayeitumia kwa mbolea. Ya tatu ni kuleta kaboni dioksidi. Molekuli moja yake kwa kila molekuli tatu za methani hukishusha kipimo kutoka 3 hadi 2 kamili: methani tatu, kaboni dioksidi moja na maji mawili hutoa methanoli nne, bila hidrojeni kubaki. Kwa tani 500 za methanoli utahitaji walau tani 170 za kaboni dioksidi kwa siku, na methani ya malighafi itapungua kwa robo. Usiitafute mbali, moshi wa tanuri lako mwenyewe unayo ya kutosha, ila umechanganyika na nitrojeni na oksijeni, nayo oksijeni hiyo haitakiwi kwenye shaba, kwa hiyo utahitaji mnara wa kuiosha kwa amini, kemikali inayonasa kaboni dioksidi. Ukiichanganya kabla ya tanuri badala ya baada yake, angalia upya uwiano wa mvuke aliousema Mkemia_wa_Mazimbu na eneo la mabomba yako, kwa sababu mmenyuko wa methani na kaboni dioksidi hufyonza kilojuli 247 kwa moli na unakaribisha masizi zaidi. Mimi ningeiingiza baada ya tanuri, kabla ya mashine ya kushindilia, nikaacha mabomba 196 yabaki 196 kama akiba ya siku gesi hiyo itakapokosekana.